Simu ni duka lako, mtoto mtafutie chemshabongo

Na Mwandishi Wetu, Tororo

Alfajiri, mama anayetoka Paya kwenda kuuza nafaka Busia huwa tayari yuko juu ya boda boda. Mtoto ambaye hajaanza shule hubaki na bibi yake, au hufuatana na mama na kukalishwa nyuma ya magunia. Akianza kulia, dawa iko karibu: simu. Katuni zinaanza, kilio kinakwisha, wateja wanahudumiwa.

Dawa hiyo ina bei yake. Kwa mfanyabiashara wa mpakani simu ndiyo duka. Ndani yake mna namba za wateja wa pande zote mbili, pesa za mauzo na habari za bei. Bando likiisha na betri ikizima saa saba mchana, mteja wa Nambale anayetaka magunia mawili atampigia mwingine.

Bei ya pili hulipwa na mtoto. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba mtoto asiyefikisha miaka 2 asikalishwe mbele ya skrini, na wa miaka 2 hadi 4 asizidishe saa 1 kwa siku. Kipindi chake kikipungua zaidi, ni vizuri zaidi. Katuni hubadilika kila sekunde chache bila mtoto kufanya lolote. Darasani mwalimu habadiliki hivyo, na mtoto aliyezoea picha za haraka huona somo ni refu.

Kumnyang'anya simu bila kumpa kitu kingine ni kutafuta ugomvi. Ndipo chemshabongo inapoingia: picha iliyokatwa vipande ambavyo mtoto anatakiwa kuviunganisha upya. Hapo lazima aangalie, ajaribu, akosee, ajaribu tena. Kipande hakimsubirishi tangazo wala hakimpeleki kwenye video nyingine.

Mchezo huu ulianza kama chombo cha kufundishia. Katika miaka ya 1760 mchora ramani wa London, John Spilsbury, alibandika ramani juu ya ubao mwembamba na kuikata kwa kufuata mipaka ya nchi, ili watoto wajifunze jiografia. Sisi tunaoishi mpakani tunaweza kufanya hivyo hivyo kwa boksi la katoni, gundi na ramani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Nchi ni 8: Burundi, Kenya, Rwanda, Somalia, Sudan Kusini, Tanzania, Uganda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Mtoto atajua mchele unaouza umetoka wapi, na Mombasa iko upande gani.

Ukitaka kununua, angalia mambo haya.

Umri. Mtoto wa miaka 2 au 3 anatosheka na vipande vikubwa 4 hadi 12. Wa miaka 4 au 5 anaweza kuanza na 20 hivi na kuongeza polepole. Aliyeanza shule ya msingi anaweza kujaribu 50 hadi 100. Vikiwa vingi mno atakata tamaa na kudai simu. Vikiwa vichache mno atachoka kabla hujamhudumia mteja wa pili.

Usalama. Kwa mtoto chini ya miaka 3, kipande kinachopita ndani ya bomba la karatasi ya chooni ni kidogo mno, anaweza kukimeza na kupaliwa. Pitisha kidole pembeni uone kama mbao ina vibanzi.

Uimara. Katoni nyembamba hujikunja kwa unyevu na mate. Mbao au katoni nene hudumu, hata mdogo wake akaitumia. Hesabu vipande kabla ya kulipa, kwa sababu picha ikikosa kipande kimoja haikamiliki.

Asiye na fedha za kununua hajakosa. Bao linachimbwa ardhini. Omweso wa Uganda una mashimo 32 na kete 64, sawa na bao la pwani. Waluo nao wana ajua. Anayecheza lazima ahesabu kabla ya kugusa kete. Drafti inahitaji katoni iliyochorwa miraba na vifuniko 24 vya soda. Vitendawili havihitaji hata hivyo. Bibi wa Paya anaweza kutega kwa Kipadhola, jirani akatega kwa Kisamia au Kiteso, na mtoto akawa na lugha tatu kichwani.

Kuna biashara pia hapa. Seremala anayetengeneza viti hubaki na vipande vya mbao vinavyoishia jikoni kama kuni, ambavyo vingeweza kuwa chemshabongo. Bidhaa iliyotengenezwa ndani ya Jumuiya na kutimiza kanuni za asili ya bidhaa haitozwi ushuru wa forodha ikivuka kutoka nchi mwanachama mmoja kwenda mwingine. Mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani unaweza kupita kwa utaratibu rahisi wa wafanyabiashara wadogo, mradi bidhaa iwe kwenye orodha ya pamoja. Uliza kwanza dawati la forodha Busia au Malaba. Vitu vya plastiki kutoka nje ya Jumuiya havipati nafuu hiyo.

Tusidanganyane: chemshabongo haitamlea mtoto badala yako. Siku za mwanzo ataleta vipande mbele ya mizani yako mara kumi, akitaka umsaidie. Msaidie kimoja, mwachie kinachofuata. Anza na nusu saa asubuhi, sokoni kabla hakujachangamka, simu ikiwa mfukoni mwako. Jioni ukirudi nyumbani, kaeni pamoja mmalizie picha, kisha uhesabu mauzo.