Pampu ikichoka, tumbo ndilo linaloumia

"Maji yamekatika!" Ukisikia hivyo nyumbani, mara moja unatafuta ndoo. Lakini je, umewahi kujiuliza maji yenyewe yanafikaje bombani? Hayaji tu. Kuna pampu mahali fulani zinazoyasukuma usiku na mchana. Na pampu, kama gari, huzeeka. Hebu tuone hilo linahusiana vipi na afya yako.

Maji yanatoka wapi?

Tuchukue mfano wa Dar es Salaam. Maji mengi ya bomba ya jiji hili hutoka Mto Ruvu. Mtambo wa Ruvu Juu, kule Mlandizi, ulijengwa mwaka 1959. Ule wa Ruvu Chini, upande wa Bagamoyo, ni wa miaka ya 1970. Pampu huvuta maji mtoni. Yakishasafishwa na kutiwa klorini, pampu nyingine huyapandisha hadi kwenye matangi makubwa yaliyo mwinukoni, kama yale ya Kimara. Kutoka hapo ndipo yanateremka mitaani.

Pampu inazeekaje?

Ndani ya pampu kuna gurudumu lenye mapanga. Linazunguka kwa kasi na kuyarusha maji kwenye bomba. Mvua zikinyesha, mto unabeba tope na mchanga, na mchanga husugua mapanga kama msasa. Yakilika, maji mengine hurudi nyuma. Beringi zinalegea, pampu inatetemeka, mota inachemka. Ukiitazama unaona inazunguka vizuri tu. Kumbe inakula umeme mwingi na kusukuma maji kidogo! Vipuri vyake navyo vinakuwa adimu. Ikifika hapo, kuitengeneza kila mara ni ghali kuliko kuibadilisha.

Sasa tumbo linaingiaje hapo?

Bomba lililojaa maji yenye presha hujilinda lenyewe. Likiwa na tundu, maji hutoka nje na uchafu hauingii. Presha ikiisha, mambo yanageuka: bomba linafyonza. Maji ya mtaro, au ya choo kilichofurika, yanaweza kuingia kwenye tundu lile lile. Maji yakirudi, uchafu huo unakuja nayo hadi kwenye kikombe chako.

Si hivyo tu. Maji yakiwa ya shida, watu huchota kwenye visima vifupi vilivyo karibu na vyoo. Kunawa mikono nako kunasahaulika, eti tunabana maji. Hizo ndizo njia za kipindupindu, homa ya matumbo na magonjwa mengine ya kuhara. Mwezi Agosti 2015 kipindupindu kilizuka Dar es Salaam kikasambaa mikoa mingi. Kufikia katikati ya mwaka 2016, wagonjwa nchini walikuwa wamezidi 20,000. Hatusemi pampu ndiyo iliyokileta. Tunasema kipindupindu hustawi pale maji safi yanapokosekana.

Kwa nini wasibadilishe tu?

Si mchezo! Huwezi kulizimia jiji zima maji. Mafundi hubadilisha pampu moja moja huku nyingine zikiendelea na kazi. Halafu, ukifunga pampu mpya yenye nguvu kwenye bomba lililochakaa, bomba linapasuka. Ndiyo maana mitambo ya Ruvu ilipopanuliwa katika miaka ya 2010, yalilazwa pia mabomba makubwa mapya. Uwezo wa Ruvu Chini ulipanda kutoka lita milioni 180 kwa siku hadi milioni 270. Ruvu Juu ulitoka milioni 82 hadi milioni 196.

Hata hivyo, mwaka 2022 ukame ulipunguza maji ya mto. Uzalishaji ukashuka hadi karibu lita milioni 300 kwa siku, na mgawo ukarudi. Pampu mpya haiwezi kusukuma maji ambayo hayapo. Kwa hiyo anayekata miti na kulima kingo za mto naye anagusa bomba lako.

Wewe ufanye nini?

• Maji yakirudi baada ya kukatika, yaache yatoke mpaka yawe maangavu. Yale ya kwanza kinga kwenye ndoo, mwagia chooni.
• Ya kunywa yachemshe mpaka yatokote, au tia dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa.
• Yahifadhi kwenye chombo safi chenye mfuniko. Usichovye kikombe wala mkono.
• Msifunge pampu ya kuvuta maji moja kwa moja kwenye bomba la mtaa. Inamnyima jirani, na inaongeza kufyonza uchafu.
• Ukiona bomba linavuja, toa taarifa mamlaka ya maji.
• Mtu akiharisha maji maji mfululizo, mpe ORS na mwahishe kituo cha afya.

Jadilini darasani

Je, shuleni kwenu maji yanaletwa na pampu? Ilifungwa lini? Nani anaitunza, na fedha za vipuri zinatoka wapi? Mwulizeni mwalimu, mwulizeni na diwani wenu. Wakubwa wakipanga bajeti, pampu huonekana kama chuma tu, basi inasubirishwa mwaka hadi mwaka. Wakumbusheni kwamba pampu nzima ni kinga, sawa na chanjo.