Kujaribu, kukabidhi na kuzindua: vitenzi vya kazi ya mifumo ya majengo

Jengo likishaezekwa na kupakwa rangi, bado halijawa tayari kwa watu kuingia. Nyaya za umeme hupimwa, mabomba hujazwa maji kwa shinikizo, pampu, viyoyozi na ving'ora vya moto huendeshwa, majibu huandikwa, na mwenye jengo hufundishwa namna ya kuvitumia. Kiingereza huiita kazi hiyo yote kwa neno moja. Kiswahili huigawa katika vitenzi kadhaa, na kila kimoja kina wajibu wake. Mfasiri au mwalimu anayevichanganya huweza kuibadili maana ya mkataba au kumhatarisha fundi.

Kukagua na kujaribu

Kukagua ni kutazama kwa makini na kulinganisha na kanuni. Kujaribu ni kukifanyisha kitu kazi ili kione kama kinastahimili. Anayekagua umeme wa nyumba hutazama rangi za nyaya, viungio na waya wa ardhi. Anayejaribu hupeleka katika nyaya hizo volti 500 za mkondo mnyoofu kwa kifaa maalumu, ili kujua kama umeme unapenya ganda la waya. Kwa nyaya za kawaida za volti 230, kanuni za kimataifa hutaka ukinzani usiopungua megaomu 1. Kasoro ya namna hiyo haionekani kwa macho. Kwa hiyo sentensi "mfumo umekaguliwa" haitoshi kumwambia mtu kwamba mfumo ni salama.

Kitenzi *kujaribu* kina mtego wake. Kikifuatwa na kitenzi kingine, huleta maana ya kukusudia jambo ambalo huenda halikufanikiwa. Linganisha:

- *Mafundi walijaribu kuendesha pampu.* (Huenda haikuwaka.)
- *Mafundi waliifanyia pampu majaribio.* (Iliendeshwa na kupimwa.)

Katika taarifa za kiufundi, tumia *kufanya majaribio*, kisha useme matokeo: *pampu imefaulu majaribio* au *haikufaulu*.

Kukabidhi

Asili ya neno hili ni Kiarabu, katika maana ya kushika. Kukabidhi ni kukitoa kitu mkononi mwako na kukitia mkononi mwa mwingine, pamoja na dhamana yake. Kitenzi hiki huhitaji mpokeaji: mkandarasi *humkabidhi* mwenye jengo, naye *hupokea*. Ndiyo maana nomino inayotumika sana ni *makabidhiano*, yenye kiambishi cha kutendeana. Katika mikataba mingi ya ujenzi, kuanzia siku ya makabidhiano huhesabiwa kipindi ambacho mkandarasi hurekebisha kasoro kwa gharama zake. Kuikosea tarehe hiyo ni kuikosea fedha.

Kuzindua

Kuzinduka ni kuamka au kurudiwa na fahamu. Kuzindua ni kuamsha. Katika matumizi ya leo, *uzinduzi* ni sherehe ya kutangaza kwamba jambo limeanza, na haithibitishi lolote kuhusu nyaya wala mabomba. Mfano ulio wazi ni reli ya kisasa, SGR, inayopita Gulwe katika Wilaya ya Mpwapwa, mkoani Dodoma. Treni ya majaribio ya umeme ilikwenda kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro mwezi Februari 2024. Safari za abiria za Morogoro zilianza tarehe 14 Juni, na za Dodoma tarehe 25 Julai. Rais Samia Suluhu Hassan aliizindua huduma hiyo tarehe 1 Agosti 2024. Abiria walikuwa wamekwisha kupita Gulwe kwa siku kadhaa kabla ya uzinduzi. Mfasiri angeandika *uzinduzi* mahali pa majaribio, msomaji angedhani kwamba watu walisafirishwa katika mfumo usiopimwa.

Vipi kuhusu *kamisheni*?

Neno hili hushawishi kwa kuwa linafanana na lile la Kiingereza. Lakini msomaji wa Kiswahili hulijua kwa maana nyingine: asilimia anayolipwa dalali au wakala, na cheo ambacho Rais huwatunuku maafisa wapya wa jeshi. "Kamisheni ya viyoyozi" itasomwa kuwa ni malipo ya muuzaji. Liepuke.

Majina ya wafanyao kazi hii

Nchini Tanzania ngazi zake zina majina yaliyokwisha kukubalika. *Fundi mchundo* ni mwenye ujuzi wa mikono, mara nyingi aliyesomea umeme, bomba au majokofu na viyoyozi katika vyuo vya VETA. *Fundi sanifu* ana elimu ya juu zaidi, kwa kawaida stashahada. Ndiye mara nyingi anayeshika vifaa vya kupimia na kuandika majibu. *Mhandisi* ana shahada, na akisajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi huweza kubeba dhamana ya kitaalamu ya kazi nzima. Anayefunga nyaya za umeme huhitaji pia leseni ya EWURA. Usifasiri wote hawa kwa neno *fundi* pekee, kwa sababu hapo msomaji hawezi kujua ni nani anayewajibika kutia saini.

Pendekezo la matumizi

Kwa kazi yote kwa ujumla, andika *majaribio na makabidhiano ya mifumo*. Kwa anayeiongoza, *msimamizi wa majaribio na makabidhiano*. Mfano kamili:

*Mifumo ya umeme, maji na viyoyozi ya stesheni ilikaguliwa, ikafanyiwa majaribio na kufaulu, kisha ikakabidhiwa kwa mwenye jengo; uzinduzi utafanyika baadaye.*

Hapo kila kitenzi kinabeba hatua yake, na msomaji anajua ni hatua ipi imekwisha na ipi bado.