Ua Likinyauka: Mkasi na Samadi katika Bustani za Karatu

Barabara itokayo Karatu kuelekea Ngorongoro hupanda kutoka kiasi cha meta 1,500 juu ya usawa wa bahari hadi kupita meta 2,200 kwenye ukingo wa kreta. Hewa hupoa, ukungu hutanda asubuhi, na mimea ya kudumu kama mawaridi, jeraniamu na agapanto hustawi vizuri. Hata hivyo, si nadra kuona bustani iliyojaa maua mwaka wa kwanza ikabaki majani matupu mwaka unaofuata. Mara nyingi maua yaliyonyauka yameachwa shinani, na mbolea imetiwa bila kipimo.

Kwa mmea wenyewe, kazi ya ua si kupendeza bali ni kuzaa mbegu. Ua likisha kuchavushwa, petali huanguka na ovari huanza kuwa tunda. Tangu hapo sehemu kubwa ya sukari iliyotengenezwa na majani huelekezwa kwenye mbegu changa, nazo hutoa homoni zinazozuia machipukizi mengine kuchanua. Kulikata ua mapema huurudishia mmea akiba hiyo. Waridi hukatwa juu kidogo ya jani lenye vijani vitano, mahali penye chipukizi linaloelekea nje. Agapanto hukatwa bua zima hadi chini, kwa kuwa bua lililokwisha kuchanua halichanui tena. Mkasi uwe mkali na safi. Mkasi butu huponda shina na kuikaribisha kuvu.

Kuhusu mbolea, Wairaki hawahitaji kufundishwa thamani ya samadi: kwa vizazi vingi wamelaza mifugo ndani ya nyumba zao na kuipeleka samadi mashambani. Hatari imo katika samadi mbichi. Amonia yake huunguza mizizi, nayo huweza kubeba mbegu za magugu zilizopita salama tumboni mwa ng'ombe. Ikirundikwa pamoja na majani makavu, ikatiwa maji na kugeuzwageuzwa, joto la ndani hupita nyuzi 55 za Selsiasi na mbegu nyingi hufa. Baada ya miezi mitatu hivi hutandazwa kulizunguka shina bila kuligusa, mvua zinapoanza. Nitrojeni ikizidi, majani huwa mengi na maua machache. Fosforasi nayo hushikwa sana na udongo wa majivu ya volkeno. Mboji hupunguza kushikwa huko, jambo ambalo mbolea ya dukani peke yake haliwezi.

Lakini kuna jambo zito kuliko uzuri wa bustani. Mashamba ya Karatu yamepakana na Hifadhi ya Ngorongoro, iliyoanzishwa mwaka 1959 na kuingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1979. Lantana, kichaka cha nchi za joto za Amerika, kilisambazwa duniani hasa kwa ajili ya maua yake. Ndege hula vitunda vyake na kuziangusha mbegu mbali. Ng'ombe wakila majani yake, ini huharibika. Kwa mfugaji wa Kimaasai hiyo ni hasara ya malisho na ya mnyama pia. Kichaka hicho hakifai kupunguzwa maua. King'olewe na mizizi yake.

Kwa mimea mingine ya kigeni, mkasi upite kabla mbegu hazijakomaa. Vichwa vilivyokwisha kukauka visitupwe kando ya barabara wala korongoni, maana maji ya masika huvichukua. Vifukiwe katikati ya rundo la samadi, penye joto kali zaidi.