Je, Wajua? Reli Fupi ya Makaa ya Middleton

Mjini Leeds, kaskazini mwa Uingereza, kuna reli ambayo leo haifiki hata kilomita mbili. Ilijengwa kwa kazi moja tu: kuteremsha makaa ya mawe kutoka migodi ya Middleton hadi mjini. Usiidharau kwa ufupi wake.

Je, wajua kwamba reli hii ina sheria yake Bungeni? Charles Brandling, mwenye migodi, alikuwa na makaa tele, ila wapinzani wake walikuwa karibu na mto na walisafirisha yao kwa majahazi, kwa gharama ndogo. Mwaka 1758 Bunge lilipitisha sheria ya kumruhusu kupitisha reli katika mashamba ya majirani walioridhia. Naye akaahidi kuwauzia watu wa Leeds makaa kwa bei maalumu. Ndiyo sheria ya kwanza ya Bunge hilo kuidhinisha ujenzi wa reli.

Je, wajua kwamba hapakuwa na moshi wala chuma? Reli za mwanzo zilikuwa za mbao, na mabehewa yalivutwa na farasi.

Je, wajua kilichowaondoa farasi? Ni bei ya chakula chao. Vita dhidi ya Napoleon vilipandisha bei ya nafaka na majani, na msimamizi wa migodi, John Blenkinsop, akaanza kutafuta njia nyingine. Fundi Matthew Murray akamuundia injini ya mvuke yenye silinda mbili, ikaanza kazi Agosti 1812. Ndiyo injini ya kwanza ya mvuke kufanikiwa kibiashara kwenye reli.

Je, wajua kwamba injini hiyo ilikuwa na meno? Kufikia wakati huo reli zilikuwa za chuma cha kalibu, nazo zilivunjika zikibebeshwa injini nzito, na injini nyepesi ilihofiwa kuteleza. Blenkinsop akaweka meno ubavuni mwa reli moja, na gurudumu la injini likayauma kama gia inavyouma mnyororo wa baiskeli. Hivyo injini ya tani 5 iliweza kuvuta mzigo wa tani 90. Baadaye reli za kupandia milima, kama ya Rigi huko Uswisi iliyofunguliwa 1871, zilitumia meno pia, ila yalikaa katikati ya njia.

Je, wajua injini ya Murray ilivyopata jina? Iliitwa Salamanca, kwa heshima ya ushindi wa jeshi la Wellington, jemadari wa Uingereza, huko Salamanca nchini Hispania wiki chache tu kabla. Mwaka 1818 boila lake lililipuka. George Stephenson, mjenzi mashuhuri wa reli, aliieleza kamati ya Bunge kwamba dereva alikuwa ameichezea vali ya usalama.

Je, wajua kwamba farasi walirudi kazini? Katika miaka ya 1830 injini ziliachwa, na mvuke haukurejea hadi 1866.

Je, wajua nani anaiendesha leo? Watu wa kujitolea. Juni 1960 walisafirisha abiria kwa behewa la tramu la ghorofa, na hivyo Middleton ikawa reli ya kwanza ya upana wa kawaida nchini humo kuendeshwa na wapenzi wa reli wasiolipwa. Ukifika Leeds, treni yao hupandwa kituo cha Moor Road.