Umati Haukanyagi, Unabana

Oktoba 2025 nilikuwa Kisumu, mgeni wa mzee mmoja wa mtaa wa Manyatta. Jumamosi ya tarehe 18, mwili wa marehemu Raila Odinga ulifikishwa uwanja wa Jomo Kenyatta, kule Mamboleo, ili watu watoe heshima za mwisho. Mjukuu wa mwenyeji wangu alirudi na kiatu kimoja, midomo imemkauka.

“Babu, sikuanguka,” alisema. “Pumzi zilinikatika nimesimama wima.”

Makumi ya watu walizirai na kuumia siku ile. Mzee akasikitika, kisha akasema, “Lau wangekuwa na adabu, wasingesukumana.”

Hapo, msomaji wangu, tulibishana hadi chai ikapoa. Nilimkumbusha Mina. Sisi wa Pwani, ni nani asiye na alhaji nyumbani wa kumsimulia habari za Jamarat? Tarehe 12 Januari, 2006, waliofia pale walizidi 340, na hao walikuwa watu waliokwenda ibadani, si wahuni. Mtaalamu wa Kijerumani, Dirk Helbing, na wenzake walizitazama picha za kamera za siku hiyo. Waliona kwamba kabla ya maafa mwendo ulibadilika: watu wakawa wanakwenda na kusimama, kwenda na kusimama, halafu umati ukaanza kuyumba huku na huku mfano wa bahari ya kusi. Ikifika hali hiyo mtu hatembei tena, anachukuliwa.

Mmarekani John Fruin alikwisha kueleza kwamba watu wakifika kama saba katika mita moja ya mraba, umati huwa kama maji. Wengi hufa kwa kubanwa kifua, wala si kwa kukanyagwa. Aliye nyuma haoni kinachotokea mbele. Aliye mbele hana pa kurudi. Adabu itamfaa nini?

Daraja la zamani la Jamarat lilibomolewa, likajengwa la ghorofa kadhaa, wanaokwenda wakatengwa na wanaorudi. Hata hivyo mwaka 2015 maafa makubwa zaidi yalitokea Mina, safari hii barabarani, mbali na daraja. Ukiziba tundu moja, lazima uyatazame na mengine.

Kesho yake nilikwenda soko la Kibuye, maana Jumapili ndiyo siku yake. Katika ujia mwembamba wa mitumba, waendao na warudio walijipanga mistari miwili bila ya kuamrishwa na mtu. Alipoinama mama mmoja kuchagua kanga, mistari yote ikavurugika.

Nilimsimulia mzee. Akanyamaza. Ijumaa iliyofuata, tulipotoka msikitini, watu walikuwa wameinama mlangoni kutafuta viatu, na nyuma yao safu nzima imekwama. Mzee alitazama kidogo, akamwita mjukuu wake, wakalishika lile rafu la viatu huku na huku, wakalisogeza hatua kumi, hadi chini ya mwarobaini.