Unga wa Kimea na Hatari Iliyomo Ghalani

Mwezi wa Januari mwaka 2015, wakazi wa Chitima, katika jimbo la Tete nchini Msumbiji, walikusanyika mazikoni, na kama ilivyo desturi waombolezaji wakanywa pombe ya kienyeji iliyopikwa kwa unga wa mahindi. Muda si mrefu watu 75 walikuwa wamekwisha fariki dunia na wengine 177 wamelazwa hospitalini. Mama aliyeipika pombe hiyo alikuwa miongoni mwa waliofariki. Uvumi ulienea upesi kwamba mtu mwenye kijicho ametia nyongo ya mamba ndani ya pipa.

Uchunguzi wa maabara, ambao sehemu yake ilifanyika Marekani, ulitoa habari nyingine kabisa. Sumu iliyoua ni asidi ya bongkreki, itengenezwayo na bakteria aitwaye Burkholderia gladioli. Katika pombe ile ilionekana pia kuvu ya jamii ya Rhizopus, ambayo bakteria huyo akiishi pamoja nayo huzidi kutoa sumu. Sumu hiyo haina rangi wala harufu, wala jiko haliiondoi, na dawa ya kuitangua haijapatikana. Kwa maneno mengine, mamba wa Chitima alisingiziwa. Mwuaji alizaliwa katika nafaka iliyoharibika.

Habari hii yatuhusu sisi wa kambini kuliko tupendavyo kukiri. Nani kati yetu asiyejua kwamba katika makambi mengi ya Uganda mshahara wa askari husaidiwa na chungu cha malwa au kwete cha mama watoto, na kwamba karo za shule hutoka humo? Mwandishi hana nia ya kuhubiri habari za ulevi. Wakubwa wa kambi wanaifanya kazi hiyo kila Jumatatu gwarideni. Linaloulizwa hapa ni hili: unga wa pombe huwekwa wapi, na kwa muda gani?

Nafaka nzima ni kitu kilichojilinda chenyewe. Ulezi, ambao wengine huuita wimbi, una punje ndogo na ngumu kiasi kwamba wadudu wengi hushindwa kuingia ndani yake, na ndiyo sababu wazee wa Teso waliuamini kuwa akiba ya miaka ya njaa. Lakini punje ikisha pita katika kinu, ngome imebomolewa. Mafuta yaliyofichwa katika kiini hukutana na hewa na kuanza kuchacha, unyevu wa hewa hunyonywa upesi, na vile vidudu vyekundu vya unga, visivyoweza kuitafuna punje nzima, hukuta meza imeandaliwa. Kwa hiyo mpikaji mwenye busara huweka nafaka nzima na husaga kiasi cha pishi moja tu, siku chache kabla ya kupika.

Kimea kinataka uangalifu zaidi. Nafaka iliyooteshwa na kuanikwa ina nguvu ya kuigeuza wanga kuwa sukari, na nguvu hiyo ndiyo pombe yenyewe. Kimea kilichosagwa kikipata unyevu, nguvu hupungua, na mama hulazimika kuongeza kimea kingine bila kujua kwa nini pombe yake imepoa. Anayetumia mtama badala ya ulezi akumbuke pia kwamba machipukizi ya mtama yana kitu kizaacho sianidi. Desturi ya kuyapukusa machipukizi na mizizi baada ya kuanika, kisha kupepeta kabla ya kusaga, ina maana kubwa kuliko usafi wa macho.

Kwa kuhifadhi kitu kilichokwisha sagwa, sijaona akili kuu kuliko ya Wateso katika kupika ajon. Unga wa ulezi huchanganywa na maji kidogo, hufukiwa shimoni kwa muda wa kama juma moja hata uchachuke, kisha hukaangwa juu ya bati pana mpaka ugeuke rangi ya kahawia na kukauka, halafu huanikwa juani. Uchachu na moto kwa pamoja huufanya mkaango huo udumu kwa miezi ukiwa mkavu. Siku ya kupika, huongezwa maji na unga wa kimea kipya, na baada ya siku chache mirija mirefu yaweza kutolewa. Yaani sehemu kubwa ya akiba ni ile iliyokaangwa, na kimea, kilicho dhaifu, husagwa kwa wakati wake.

Shida ya askari ni nyumba. Kile kibanda cha bati cha mviringo kilichojulikana katika makambi ya polisi kwa jina la “mama ingia pole” kilikuwa tanuri mchana na friji usiku. Bati likipoa alfajiri, mvuke wa ndani hugeuka umande na kudondoka, na gunia lililoegemezwa ukutani hulowa bila mvua kunyesha. Sakafu ya saruji nayo hupitisha unyevu wa ardhi. Gunia na likae juu ya mbao au magogo, mbali na ukuta. Kilichosagwa kitiwe katika debe au pipa lenye kifuniko cha kubana, lililooshwa na kukaushwa vizuri, na lisiwe lile lililowahi kubeba dawa ya pamba au ya kupe, hata likioshwa mara saba. Unga wa moto utokao kinuni uachwe upoe kwanza, ama sivyo utatoka jasho ndani ya debe.

Kuna kipimo kisichohitaji chombo cha serikali. Chukua chupa kavu ya kioo, tia nafaka na chumvi kavu kidogo, funga na kuitikisa kwa dakika chache, kisha iache itulie. Chumvi ikinata kwenye kioo, nafaka bado ni mbichi, haifai kuwekwa.

Wako wasemao kwamba nafaka yenye ukungu haifai kwa ugali lakini yafaa kwa pombe, kwa kuwa itachemshwa. Afande, usiikubali hoja hiyo nyumbani mwako. Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu yalizaa sumu ya aflatoksini. Watu 317 waliugua na 125 wakafa. Kuchemsha hakuiondoi sumu hiyo, na hata ikinywewa kidogo kidogo kwa miaka huleta saratani ya ini. Uchungu na uchachu wa pombe huificha ladha ya ukungu ambayo katika uji ingetambulika mara moja.

Na kwa askari polisi watakaoitwa mahali walipokufa watu baada ya kunywa: hasira ya wanakijiji huelekea kumwaga pipa na kumshika mchawi. Pipa lisimwagwe. Mwekeni mpikaji salama, kisha chukueni pombe iliyobaki, machicha, unga uliobaki katika gunia na, ikiwezekana, nafaka ambayo haijasagwa, kila kimoja katika chombo chake safi chenye alama, mkavipeleke baridini haraka. Ulizeni unga ulinunuliwa wapi, ulilowa lini, na nani mwingine amegawiwa gunia hilo hilo, maana huenda jirani anautia maji jioni hiyo hiyo.