Jiko Gani Twende Nalo Kambini?

Mzazi mmoja wa hapa Kisaki alitujia baada ya sala ya alasiri akatuuliza neno tulilolidhani jepesi. Alitaka kuwachukua wanawe kulala hemani usiku mbili wakati wa likizo, na dukani alikuwa ameonyeshwa majiko mawili: lile dogo libebwalo katika sanduku lake, litumialo kopo la gesi ya butani, na lile la mtungi wa kilo 6 tulitumialo majumbani. "Maalim," alisema, "nichukue lipi?" Tulimjibu kwa maneno mengi kuliko aliyoyataka, nayo ndiyo haya, pamoja na mengine tuliyoyakumbuka alipokwisha kwenda.

Huenda msomaji wa mjini akauliza kwa nini tusipike kwa kuni, nasi twakaa shamba. Kisaki ipo ukingoni mwa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, iliyomegwa mwaka 2019 kutoka katika pori la Selous, na tembo hawajui mpaka uliochorwa katika karatasi. Sisi tufundishao chuoni huwachukua vijana wakubwa kila likizo ya Juni kwenda kupiga hema nje ya mji kwa siku tatu. Miaka ya nyuma tulikuwa tukiwatuma wakatafute kuni jua likikaribia kuzama, nayo ndiyo saa ya wanyama kushuka kwenye maji. Jioni moja walirudi mbio, hawana kuni, na mmoja wao hana ndara hata moja. Tangu siku hiyo hatujamtuma mtoto wa mtu porini kwa ajili ya chungu. Serikali nayo ilitoa mwaka 2024 mkakati wake wa nishati safi ya kupikia, ikikusudia kwamba ifikapo mwaka 2034 watu 80 katika kila 100 wawe wameachana na kuni na mkaa.

Basi na tuzitazame gesi zenyewe. Watu hudhani butani ni kitu kimoja na gesi ya mtungi ni kitu kingine kabisa. Sivyo. Gesi ya mtungi ni mchanganyiko wa ndugu wawili, propani na butani, ambao wakishindiliwa huwa maji, na wakifunguliwa huwa hewa. Kopo dogo lina butani peke yake, au karibu peke yake. (Wala gesi hiyo ya mitungi haitoki Songosongo wala Mtwara kama tusikiavyo barazani, ile ya huko ni ya namna nyingine, husafiri katika mabomba, na hii yetu huletwa na meli.) Kilo moja ya hii na kilo moja ya ile hutoa moto ulio karibu sawa. Tofauti iko katika nguvu ya kusukuma. Joto likifika nyuzi 40, butani ndani ya kopo husukuma kwa nguvu ya karibu mara nne ya hewa ituzungukayo. Propani husukuma kwa zaidi ya mara kumi na tatu. Ndiyo maana mtungi ni wa chuma kinene, na kopo ni la bati jembamba.

Jambo hilo hatukulijua mwaka 2022, na ujinga wetu nusura utugharimu roho za watu. Mwaka ule tulinunua makopo manne kwa mfanyabiashara aliyetuuzia kwa bei ya chini mno, tukashukuru. Rangi ya makopo ilikuwa imechubuka, nasi hatukuuliza kwa nini. Kumbe yalikuwa makopo yaliyokwisha, yakajazwa tena kutoka katika mtungi mkubwa. Yaani bati lililofanyiwa butani limetiwa propani ndani yake, na kinywa chake kimekwisha kulegea. Tuliyaweka pembeni mwa hema pamoja na unga. Usiku wa manane kijana mmoja aliamka ili atoke nje, akawa anapapasa kutafuta kibiriti apate kuwasha kandili. Mwenzake akasema kwa usingizi, "Maalim, mbona pananuka kitunguu kilichooza?"

Gesi yenyewe haina harufu. Harufu ile mbaya hutiwa makusudi ili mtu azinduke. Tena ni nzito kuliko hewa, hailekei juu kama moshi, bali hutambaa chini na kutuama, pale pale walalapo watoto. Tulimwambia yule kijana, "Mwanangu, kiache hicho kibiriti," na sauti yetu sisi wenyewe hatukuitambua. Tuliwatoa wote kumi na wanane gizani, wakaketi nje mpaka alfajiri, milango ya hema imefunguliwa yote. Hakuna aliyeumia, alhamdulillahi. Lakini kwa muda wa mwezi mzima baadaye, kila tulipowaona wazazi wao wakipita, tuliinamisha macho.

Kwa hiyo sharti la kwanza kwa atakaye kopo ni hili: anunue jipya lililofungwa, na likiisha asikubali lijazwe, wala asilitupe motoni. Asiliache ndani ya gari lililofungwa juani, maana halitakiwi kupata joto la kupita nyuzi 50, na jua letu la Kisaki hulifikisha gari huko bila taabu. Tena asiweke juu ya jiko lile sufuria pana linalofunika mahali pa kopo, kwa kuwa moto hurudi chini na kulichemsha. Jiko hilo ni la birika la chai na sufuria la watu wanne. Si la pilau ya harusi.

Kwa hesabu, kopo lina gramu 220, na moto ukiwa mkali hudumu kama saa moja na nusu. Mtungi wa kilo 6 ni sawa na makopo 27 na zaidi, hupika kama saa 40, na ukiisha hujazwa. Walakini ukiubeba pamoja na chuma chake wapita kilo 12, mzigo usiofaa kwa mtu aendaye kwa miguu. Asafiriye kwa treni ya TAZARA au kwa basi aulize kwanza kama yaruhusiwa kuupakia, wala asiufiche chini ya mikeka.

Mtungi nao una hatari yake. Wengi hupenda ule wenye kichomeo juu ya kichwa chake. Kwa chai ni sawa. Kwa ugali, hapana: mwiko ukianza kuzunguka, mtungi huyumba, na anayesonga yumo katika hatari ya kujimwagia yote. Sisi twatumia jiko la chini lenye mpira, mtungi ukisimama wima kando, nasi hupaka povu la sabuni kwenye maungio kila tufungapo. Povu likichemka, gesi inavuja.

Waendao kupiga hema juu milimani Uluguru, ambako vilele hupita mita 2,600, wajue ya kuwa butani huchoka kwa baridi. Ikifika nusu ya nyuzi chini ya sifuri haitoki kabisa, na hata kabla ya hapo moto huwa hafifu, kwa sababu kopo hujipoza lenyewe kadiri gesi itokavyo. Huku chini Kisaki hatuijui shida hiyo.

Majiko yote mawili hupikiwa nje. Hema likifungwa, moto hufanya hewa ya sumu isiyo na harufu, na mkaa ni mbaya zaidi kuliko gesi. Mtume wetu (s.a.w.) alikwisha kutukataza kulala na moto ukiwaka.

Yule mzazi ana wana watatu na mkewe, naye hupiga hema mara moja kwa mwaka. Tulimshauri achukue jiko la kopo, na makopo manne mapya, na maharage ayaloweke tangu nyumbani. Sisi chuoni tutachukua mtungi, na mkokoteni wa kuubeba.